Picha ni Amana

Macho ni mali ambayo maskini na tajiri wamegawiwa sawasawa, lakini si wote wajuao kuyatumia. Twafundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu, hata kuimba. Lakini ni nadra mtu kufundishwa kutazama. Hudhaniwa kwamba kutazama hakuhitaji mwalimu, kwa kuwa mtoto mchanga hufumbua macho bila kuelekezwa. Mimi nami nilidhani hivyo mpaka nilipopata mwalimu wa kupiga picha. Katika insha hii nataka kukueleza, ewe msomaji, jambo moja alilonifundisha, kisha tulipime pamoja kama ni kweli: kwamba sura ya mtu ni mali yake, na aichukuaye amechukua amana.

Mwalimu huyu hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa mzee mwenye chumba kimoja cha kupigia picha katika mji wa Voi, si mbali na soko. Watu walikwenda kwake kwa picha za vitambulisho, za harusi, na za watoto waliotimiza mwaka. Mwaka 2005, nilipokuwa kidato cha tatu, nilimwomba anifundishe kazi yake wakati wa likizo. Siku hizo kamera za filamu zilikuwa zimeanza kupitwa na wakati, lakini yeye alikuwa bado ana chumba chake cha giza chenye taa nyekundu, na ndimo alimonitia siku ya kwanza.

Alinieleza kwamba filamu imepakwa chumvi ya madini ya fedha, nayo hugeuka mahali iguswapo na mwanga. Kwa hiyo palipo peupe duniani huwa peusi katika filamu, na palipo peusi huwa peupe. Kisha mwanga hupitishwa katika filamu ile ukaangukia karatasi, karatasi ikatiwa katika dawa, na sura ikaja pole pole kama mtu atokaye katika ukungu. Lakini sura hiyo haidumu. Karatasi haina budi kutiwa katika dawa nyingine, iondoayo chumvi ambayo haikuguswa na mwanga. Isipotiwa, picha hutolewa nje ikapendeza kwa muda mfupi, kisha ikazidi kuwa nyeusi mpaka isiwe na maana. "Haraka huweza kuleta sura," alisema mzee, "lakini haiwezi kuidumisha."

Kwa majuma mawili hakunipa kamera. Aliniketisha mlangoni nikatazama njia, na jioni akaniuliza nilichokiona. "Yule mama auzaye ndizi, hutabasamu kabla mteja hajasema au baada yake? Fundi wa baiskeli hutumia mkono upi?" Mara nyingi sikuwa na jibu, ingawa watu hao walikuwa mbele yangu tangu asubuhi. Hivyo nilijua kwamba mtu huweza kutazama mchana kutwa asione kitu.

Majuma mawili yalipokwisha alinikabidhi kamera yake kuukuu na filamu ya picha 36. Nilikwenda sokoni nikiwa na furaha kubwa. Siku ya tatu mkokoteni uliojaa magunia uliteleza ukagonga meza ya mama mmoja muuza nyanya. Nyanya zilimwagika, nyingine zikapondwa na magurudumu. Mama yule alichutama chini, mikono kichwani, akitazama mali yake iliyogeuka tope. Mwanga wa jua la saa kumi ulikuwa umemwangukia usoni. Nilipiga picha tatu, nikaondoka mbio.

Picha ya pili ilikuwa nzuri. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa kuwa hata mzee aliitazama kwa muda mrefu chini ya ile taa nyekundu. Shuleni kwetu yalikuwa yanakuja mashindano ya sanaa, nami nilikwisha kuamua kwamba picha ile itanipatia tuzo. Nilimweleza mzee nia yangu. Yeye akaanza kuniuliza.

"Mama huyu anaitwa nani?"

"Sijui, mzee."

"Nyanya zile zilikuwa zake, au alizichukua kwa mkopo?"

"Sijui."

"Alijua kwamba unampiga picha?"

"Hakujua."

"Basi, mwanangu, sikiliza. Mwizi na mpiga picha kazi zao zafanana. Wote wawili hutazama sana kabla ya kutenda, na wote wawili hupenda kutenda wasipoonwa. Tofauti yao ni moja tu: mpiga picha huweza kurudi kwa mwenye mali akamwambia, 'Hiki hapa nilichokichukua.' Asiyeweza kurudi, hana tofauti. Mpelekee picha yake."

Nilimpelekea kesho yake. Nilimwamkia shikamoo, nikampa ile picha. Aliitazama, akaifuta kwa upande wa kanga yake kana kwamba ina vumbi. Hakunikemea. Alisema kwa sauti ya chini, "Kumbe ni wewe uliyekuwa umesimama pale. Mwanangu, siku ile ulikuwa na mikono miwili. Mmoja ulishika kamera. Wa pili ulikuwa wapi?" Kisha akaniomba nisiwaonyeshe watu picha ile, kwa kuwa watoto wake walisoma katika shule za pale mjini, naye hakupenda wamwone mama yao ameketi chini katika matope.

Sikuipeleka picha ile katika mashindano. Nilimrudishia mama yule hata kipande cha filamu. Tuzo ilichukuliwa na mwanafunzi mwingine, nami, sitakuficha, kwa muda nilimchukia mzee kwa moyo wangu wote. Niliona kwamba ameninyima haki yangu. Picha ilikuwa kazi ya macho yangu na mikono yangu; kwa nini iwe ya mtu mwingine?

Hili ndilo swali ninalotaka tulipime. Usikubali upesi, msomaji, kwamba mzee alisema kweli kwa sababu tu alikuwa mzee. Wazee nao hukosea. Ziko hoja nzito dhidi yake, na hoja ya kwanza yatoka hapa kwetu Kenya. Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi, alikwenda Korem na Mekele katika Ethiopia mwezi wa Oktoba mwaka 1984, pamoja na mwandishi wa habari Michael Buerk. Huko njaa ilikuwa imewakusanya watu maelfu kwa maelfu, nao walikuwa wakifa alfajiri kwa baridi na udhaifu. Picha alizozipiga zilionyeshwa Uingereza tarehe 23 Oktoba, kisha zikaonyeshwa nchi nyingi za dunia. Serikali zilizokuwa zimelala ziliamka. Watu wa kawaida walitoa fedha zao. Na mwaka 1985 wanamuziki walifanya tamasha kubwa la kuchangia wenye njaa. Je, ingalimpasa Amin amwulize kila mgonjwa jina lake na kumwomba ruhusa? Kama angalifanya hivyo, labda wengi zaidi wangalikufa. Ikiwa picha ni amana, basi amana ile ilichukuliwa bila ya idhini, na ilifaa ichukuliwe.

Hoja hii ni ya kweli, wala sitaki kuipunguza. Lakini itazame vizuri. Amana ina desturi zake ambazo babu zetu walizijua kabla ya kamera kuzuliwa. Mtu akiweka kwako mbuzi wake, huna ruhusa ya kumchinja kwa karamu yako. Kitu cha amana hutumiwa kwa faida ya mwenyewe, au huhifadhiwa mpaka arudi. Amin alichukua sura za wenye njaa, na faida iliyopatikana ilikwenda kwa wenye njaa: nafaka, dawa na blanketi. Mimi nilichukua sura ya mama muuza nyanya, na faida niliyoikusudia ilikuwa yangu peke yangu. Kwa hiyo hatukuwa sawa, hata kama sote wawili hatukuomba ruhusa.

Laiti jambo lingeishia hapo, insha hii ingekuwa fupi. Lakini kuna mfano mwingine ambao hutetemesha mizani hii. Mwanzoni mwa mwaka 1936, wakati wa dhiki kuu ya uchumi katika Marekani, mpiga picha mwanamke aitwaye Dorothea Lange alimkuta mama mmoja katika kambi ya vibarua wa mashamba huko Nipomo, jimbo la California. Mama huyo alikuwa na umri wa miaka 32, ameketi katika hema na wanawe, na mazao waliyotarajia kuvuna yalikuwa yameharibika. Lange alimpiga picha chache kwa muda mfupi, akaenda zake. Hakumwuliza jina lake. Picha hizo zilipotoka gazetini, serikali ilipeleka chakula kingi kambini. Lakini mama yule na watoto wake walikuwa wamekwisha kuhama. Picha yake ikawa mojawapo ya picha zijulikanazo sana duniani. Mwaka 1978 ndipo jina lake lilipojulikana na wote: Florence Owens Thompson. Alisema kwamba hakupata hata senti moja kwa picha ile, na alitamani isingalipigwa kamwe.

Nia ya Lange ilikuwa njema. Wenye njaa walipata chakula. Hata hivyo, mwenye sura hakupata kitu ila kujulikana kwa unyonge wake muda wa miaka arobaini. Basi hapa twaona kwamba nia njema peke yake haitoshi, na hata faida ya wengi haifuti deni la mmoja. Mtu aweza kutenda wema mkubwa, akabaki ana deni dogo ambalo halikulipwa. Na yule anayedai deni dogo halioni kuwa dogo.

Je, iko njia ya kuchukua sura ya mtu aliye katika shida bila kumwibia? Naamini iko, nami nimeiona katika habari za mwalimu mwingine na mwanafunzi wake. Mwalimu huyo ni Roy Stryker. Tangu mwaka 1935 aliongoza idara ndogo ya serikali ya Marekani iliyotumwa kupiga picha za maisha ya wakulima na maskini. Lange mwenyewe alikuwa mmoja wa watu wake. Jambo la ajabu ni kwamba Stryker hakuwa mpiga picha. Alikuwa mtu wa elimu ya uchumi. Hakuwafundisha watu wake jinsi ya kushika kamera. Aliwafundisha nini cha kusoma, nani wa kuuliza, na nini cha kufahamu kabla ya kuifungua.

Mwaka 1942 alimpokea kijana mwenye asili ya Afrika aitwaye Gordon Parks, aliyezaliwa katika jimbo la Kansas mwaka 1912, mwana wa mwisho katika watoto 15. Parks mwenyewe amesimulia kwamba siku ya kwanza Stryker alimwambia aache kamera yake ofisini, azunguke katika mji wa Washington, aingie duka la nguo anunue koti, aingie mkahawani ale, aende na sinema. Kote alikokwenda alikataliwa kwa sababu ya rangi yake. Alirudi amejaa hasira, akadai kamera yake, ili auonyeshe ulimwengu ubaya ule. Stryker akamweleza kwamba ubaguzi hauonekani katika sura ya mbaguzi, kwa kuwa mbaguzi hufanana na watu wengine wote. Akamwelekeza kwa mama mmoja aliyekuwa akisafisha sakafu katika jengo lile lile, akamshauri aende akazungumze naye.

Mama yule aliitwa Ella Watson. Parks aliketi naye, akamsikiliza, akajua habari za maisha yake na mizigo aliyoibeba. Kisha akamsimamisha mbele ya bendera ya Marekani, ufagio mkononi na kitambaa cha kupigia deki kando yake, akampiga picha. Stryker alipoiona alishtuka, akahofu kwamba wote watafukuzwa kazi. Lakini alimhimiza Parks aendelee kufanya kazi na mama yule. Parks alimfuata nyumbani kwake, akawapiga picha wajukuu aliowalea, akaenda naye hata kanisani. Na jina lake liliandikwa pamoja na picha zake, basi hakuhitaji kungoja miaka arobaini ili ajulikane ni nani.

Sisemi kwamba picha zile zilimwondolea mama Watson ufagio mkononi. Nasema kwamba katika picha ile mama Watson anakutazama. Anajua kwamba atazamwa, na amekubali, na uso wake wauliza swali ambalo bendera iliyo nyuma yake haiwezi kulijibu. Yeye si mtu aliyeibiwa sura. Ni shahidi aliyeitwa kutoa ushahidi wake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya sura iliyochukuliwa na sura iliyotolewa.

Wala usidhani kwamba namsifu Stryker kama malaika. Alikuwa na tabia ya kutoboa tundu katika filamu za picha alizozikataa, ili zisitumike tena. Kazi ya miguu na macho ya watu wengine aliiharibu bila ya kuwauliza, na matundu yale yanaonekana hata leo katika filamu zilizohifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Mtu aliyemfundisha Parks kuheshimu sura za watu hakuheshimu daima kazi za wanafunzi wake. Nalitaja jambo hili kwa sababu ni la faida kwako. Usingoje mwalimu asiye na kasoro, kwani hutampata. Wala usilitupe fundisho jema kwa sababu ya kasoro ya aliyelitoa. Maji ya kisima hunywewa hata kama kata ina ufa.

Sasa narudi kwa mzee wangu wa Voi. Baada ya hasira yangu kupoa nilirudi kwake, nikaendelea kujifunza kila likizo mpaka nilipomaliza shule. Kisha niliingia chuo cha ualimu, nikapata kazi mbali, na ziara zangu zikapungua, kama zipunguavyo ziara za vijana kwa wazee. Mwaka 2014 niliarifiwa kwamba amefariki. Nilipofika mazikoni niliwakuta watoto wake wakitafuta picha yake ya kuweka mbele ya waombolezaji. Mtu aliyewapiga picha watu wa mji mzima hakuwa na picha yake ila ile ndogo ya kitambulisho, ya zamani sana, ambayo ndani yake hata wajukuu hawakumtambua. Waliniuliza mimi, mwanafunzi wake, kama ninayo nyingine. Sikuwa nayo. Miaka ile yote nilimtazama kila siku, wala haikunijia hata mara moja kusema, "Mzee, keti, nikupige picha."

Hapo nilijifunza nusu ya pili ya fundisho lake, ambayo yeye hakunieleza. Kuchukua bila ya kuomba ni kosa. Lakini kutoomba kabisa nako ni kosa. Wako watu wanaostahili kutazamwa na kukumbukwa, nao hawatatuambia. Ni juu yetu kuwaendea wangali hai. Deni langu kwa mzee siwezi kumlipa yeye tena. Nalilipa kidogo kidogo kwa wanafunzi wangu, nikiwaketisha mlangoni kabla ya kuwapa kamera, na kuwauliza yule mama auzaye ndizi hutabasamu lini.

Nawe, msomaji, huna haja ya chumba cha giza wala filamu. Pengine nyumbani kwenu iko simu ipigayo picha mia moja kabla uji haujapoa, na kuzituma nchi za mbali kabla mwenye sura hajageuka. Umeona bila shaka ajali ikitokea barabarani, na watu wakikusanyika, wengi wao wameinua simu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na iko Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Ni vema zipo. Lakini sheria huja baada ya tendo, na polisi hawezi kusimama kando ya kila simu. Mlinzi aliye karibu nawe wakati huo ni dhamiri yako peke yake.

Basi siku utakapoona jambo la kusikitisha, na mkono wako ukaenda kwenye simu, jiulize aliyoniuliza mzee: Mtu huyu anaitwa nani? Najua nini juu yake? Je, nitaweza kurudi kwake nikamwonyesha nilichokichukua? Huenda ukapata jibu kwamba inafaa upige picha, ili uovu ujulikane au msaada uje; basi piga, na uitunze kama itunzwavyo amana. Huenda ukapata jibu kwamba haifai. Lakini kabla ya maswali hayo yote, kumbuka swali la mama muuza nyanya. Mimi nimelibeba tangu mwaka 2005, na sijapata jibu la kunitosheleza, kwa kuwa nyanya nyingine siku ile zilikuwa nzima, zimetawanyika tu barabarani, na mtu mwenye mkono mmoja mtupu angaliweza kumsaidia kuziokota.